Siku Niliyopimwa Mpui

Nilifika Mpui kutafiti magonjwa ya zinaa, nikiwa na dodoso refu na shahada mbili. Mama mmoja mzee aliitikia shikamoo yangu huku akipeta ulezi, akanisikiliza nikimweleza faida za kupima virusi vya Ukimwi.

“Wewe mwanangu umepima lini?” akauliza.

Nikamwambia utaratibu hauniruhusu kujibu maswali ya wahojiwa.

“Basi na wangu hauniruhusu kujibu ya kwako.”

Nikakiri kuwa sijawahi kupima. Akanipeleka zahanati mwenyewe. Mimi mtaalamu nilitetemeka kwenye benchi mpaka muuguzi akaniletea maji. Nilipotoka nikamnong'oneza mama kuwa niko salama. Akapiga vigelegele, foleni nzima ikajua. Kisha akaketi, akajibu maswali yote, hata yale niliyoona aibu kuyasoma.