Godoro Barazani, Mimi Mvuani

Kwenye barabara ya Gatete kwenda Rumonge hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimelisema hili mbele ya watu wengi na bado sijapata wa kunibishia. Barabara ile nimeipita na bidoni nne, madumu yaliyojaa mawese ya Kizuka, nyuma yangu. Nimeipita na mbuzi mzima amefungwa kwenye keria, ananilalamikia kisogoni mwanzo wa safari mpaka mwisho. Nimeipita na mlango wa nyumba yangu ya kwanza, mbao tupu, upepo wa ziwa ukanitupa mtaroni nao mara mbili, na mlango ukafika. Niliporudi kutoka ukimbizini, kambini Tanzania, sikuwa na kitu ila kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli huku kwetu, na hiyo kinga yenyewe haikuwa na breki. Shule niliacha darasa la nne. Leo nina butike ya vyakula sokoni Rumonge, matofali ya kuchoma, bati nzima, na nina gari. Sikurithi hata msumari.

Gari limelala, hilo nakubali. Mafuta yalipoanza kukosekana nilipanga foleni kama wengine, nikaona watu wazima wanazeekea kwenye kituo cha mafuta huku biashara zao zimefungwa. Nikalifunika gari, nikaishusha kinga kutoka ukutani. Siku ya kwanza vijana wa taxi-velo, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, walinipigia kelele: "Patron amerudi shule!" Nikawajibu kwamba hiyo shule mimi ndiye niliyeijenga. Tangu hapo kila asubuhi naenda, kila jioni narudi, na kwenye kile kilima cha katikati anayenipita ni yule tu niliyeamua kumpisha.

Mwaka ule mvua ilitufanyia dharau. Ilinyesha kidogo, watu wakakimbia kupanda maharage, halafu ikakata. Vumbi la barabara likawa laini kama unga wa muhogo, gurudumu linazama ndani yake. Kila mchana mawingu yalitoka upande wa Kongo, yakasimama juu ya ziwa, yakatutazama, yakarudi. Watu wa kanisa wakaomba, watu wa msikiti wakaomba, na mimi niliyepanda nusu ya shamba langu niliomba kuliko wote.

Katika ukavu huo ndipo binti yangu mkubwa alipoitwa kwenda kuanza shule ya internati, ya kulala huko huko, juu milimani upande wa Bururi. Alikuwa amefaulu, tena vizuri. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulala shuleni kwa ajili ya kusoma. Sisi tulilala shuleni kwa kukimbia vita. Kwa hiyo muelewe nilivyokuwa natembea wiki ile. Nilikuwa nawasalimia hata watu nisiowajua ili waniulize habari za nyumbani.

Shule ilisema wazi: mwanafunzi asiye na godoro arudi kwao. Nikamnunulia godoro la sponji, zito, la kudumu. Mama yake akalitoa nailoni ya dukani, akalishonea kitambaa cha kitenge ili lisiibiwe bwenini. Asubuhi ya safari wao wawili walitangulia Rumonge kwa taxi-velo, na sanduku na ndoo, kwa sababu basi lililopata mafuta siku hiyo lilikuwa moja tu, na hakuna aliyejua lingine litapatikana lini. Godoro vijana wa taxi-velo walilikataa. Wakasema linawafunika, hawaoni nyuma.

"Waacheni," nikasema. "Mimi niliyebeba mlango nitashindwa na godoro?"

Mke wangu akaniambia, "Chukua shitingi ulifunike."

Shitingi ni turubai. Kila aliyepita kambini analo moja ndani ya nyumba. Nikamwambia haya mawingu nayajua, yamekuja kututazama tu. Akaiweka mlangoni, akapanda taxi-velo yake. Nikalikunja godoro, nikalifunga kwa mipira ya ndani ya matairi iliyochanwa, nikaondoka naimba.

Mvua ilinikuta katikati ya njia. Nasema tena, haikunishangaza. Kwanza ikaja ile harufu ya vumbi linalokunywa maji, halafu matone makubwa, moja hapa, moja pale, kama mtu anarusha kokoto, halafu mbingu yote. Mbele yangu niliona butike mpya kando ya barabara, yenye baraza pana na bati linalometa. Nikakanyaga pedali kwa nguvu za ujana wangu wote. Nilipoingia chini ya ule upenu, godoro lilikuwa na madoa machache tu juu ya kitenge. Nikagusa: ndani kavu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Sponji ikinywa maji msimu wa mvua haikauki. Inaoza polepole, inanuka kama mbwa. Kule shuleni wangemrudisha. Mimi nilikuwa sifikirii kitu kingine ila hicho.

Barazani walikuwepo watu kadhaa. Karibu yangu alikuwa mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, na beseni lake limefunikwa nailoni, na mwanamume mmoja wa makaa, mweusi mpaka kope. Mwenye butike akatoka. Mtu wa umri wa mdogo wangu, viatu vyeupe, taulo begani.

"Amahoro, muzee."

"Amahoro, ndugu yangu. Mungu ametukumbuka."

"Ametukumbuka," akasema. "Mia tano."

"Mia tano ya nini?"

"Ya kusimama. Mia tano kwa mutu. Kinga inabaki inje, karo iko mpya."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Nikatazama chini: kweli, alikuwa ametandika karo, vigae vyeupe vinavyong'aa kama meno ya kununua. Nikawatazama wenzangu, nao wakatazama barabara. Mama wa ndagala akaninong'oneza, "Lipa tu, baba. Sisi wote tumelipa."

Hapo ndipo niliposhangaa, mimi nisiyeshangazwa. Damu ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanapiga ngoma. Kwetu, mvua ikikukuta njiani, nyumba iliyo karibu ni yako mpaka mvua ikatike. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyehitaji iandikwe. Nimewaona kwa macho yangu watu wawili wenye kesi ya shamba, wasiosalimiana, wamesimama chini ya upenu mmoja wamepeana migongo. Hawakusema neno, lakini walisimama. Kambini, shitingi yetu ilikuwa ya watu wanane, na mvua ikija usiku tulikuwa kumi na wawili, na mama yangu hakumwuliza mtu jina. Butike yangu ya sokoni ina upenu wa hatua mbili kamili. Mvua ikinyesha wateja wangu hawaoni hata mlango kwa ajili ya watu waliojibanza, wengine wanajisugua matope kwenye magunia yangu ya mchele. Nawatukana, ndiyo. Lakini nawatukana wakiwa wakavu.

Nikamwuliza, "Hii mvua umeinunua wapi?"

"Mvua ni ya Mungu. Barza ni yangu."

"Na bati umelipiga peke yako? Hukuomba maji ya kunywa kwa jirani siku unajenga?"

"Muzee, usinipigie siasa. Na hilo godoro ni mzigo. Linachukua nafasi ya watu watatu. Elfu moja mia tano. Pamoja na wewe, elfu mbili."

Pesa nilikuwa nayo. Nataka hilo lieleweke, maana kuna watu Gatete wanasema nilikuwa sina. Nilikuwa na pesa ya kununua hizo karo zote na kumkanyagia juu yake. Lakini nilijua kwamba nikilipa kwa ajili yangu, kesho kila mwenye bati atasimama mlangoni na mkono wazi, na mimi nitakuwa shahidi kwamba ni halali. Upande mwingine, godoro. Godoro halina hasira. Godoro lina sponji, na basi lilikuwa linangoja Rumonge.

Nikatoa elfu moja mia tano, nikamwekea mkononi.

"Hii ni ya godoro."

Nikachukua kreti mbili tupu za soda, nikalisimamisha godoro juu yake lisiguse zile karo zake tukufu. Kisha nikashuka barazani, nikasimama nje, hatua moja kutoka pale maji ya bati yanapodondokea, nikamgeukia.

Akacheka sasa. "Muzee, umelipia godoro, wewe umejisahau?"

"Sikujisahau. Godoro linaenda shule. Mimi nilishamaliza."

Mama wa ndagala akacheka mpaka akashika beseni.

Mvua ile haikuwa ya mchezo. Iliingia kwenye kola, ikatokea kwenye viatu. Mimi nilimtazama tu yule bwana. Kijana mmoja wa taxi-velo akapita mbio, mwavuli umegeuka nje ndani, akanitambua: "Patron, wamekufukuza?"

"Mimi ndiye nimemfukuza!" nikamjibu.

Mtu wa makaa akasema, "Muzee, utaugua."

"Nikiugua, nitaugua bila risiti yake."

Basi yule mama akamgeukia mwenye butike, na wanawake wa ndagala mnawajua, hawana haja ya kupandisha sauti. "Wewe, kijana. Mama yako akipita hapa na mvua, analipa ngapi?"

"Mama yangu iko na nyumba yake."

"Ndiyo maana haji kwako."

"Yoo!" watu wakaguna, wakacheka. Yule bwana akafuta uso kwa taulo, ingawa hakuwa ameloa. Akaniita kwa sauti nyingine.

"Basi ingia, muzee. Bure."

"Bure ya wote au yangu?"

"Yako. Hawa walishalipa."

"Warudishie."

Akatazama karo zake, akatazama watu, nikadhani kweli anatia mkono mfukoni. Hakutia.

"Basi mimi niko vizuri hapa," nikasema.

Akaingia ndani, akafungulia redio kwa nguvu.

Mvua ilipopungua ikawa manyunyu, sikuweza kungoja zaidi kwa sababu ya basi. Nilipoanza kulifunga godoro, mama wa ndagala akaivua nailoni ya beseni lake, akaning'ang'aniza nilifunike godoro.

"Na samaki zako, mama?"

"Mimi nimelipia hapa, nitakaa mpaka jua litoke, nimalizie mia tano yangu. Utanirudishia sokoni kesho, baba. Murakoze kwa kutuchekesha."

Kwa hiyo godoro la binti yangu lilikwenda Rumonge linanuka ndagala, lakini kavu.

Anayejua kinga anajua kazi iliyobaki. Vumbi la majuma mengi likinyeshewa mara moja halifanyi tope, linafanya gundi. Linajaza nafasi kati ya gurudumu na uma, unashuka, unachokoa kwa kijiti, unapanda, unashuka tena. Breki hazishiki, unasimamisha kwa kisigino. Kwenye mteremko wa kile kilima, ambapo mawese ya bidoni za watu yamedondoka kiangazi kizima, barabara ilikuwa imepakwa siagi. Vijana walianguka mbele yangu mmoja baada ya mwingine kama nazi. Mimi nilishuka kwa miguu, nimeikumbatia kinga kama mgonjwa. Na pale chini maji mekundu ya mlimani yalikuwa yanakata barabara, yananifika magotini. Nikaliweka godoro kichwani, nikalivusha, nikarudi kuchukua kinga. Hakuna aliyenisaidia na sikumwomba mtu.

Nilifika kituoni basi linanguruma na konda anagonga bati. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mguu mmoja ndani, anakataa kuingiza wa pili. Hakunisalimia. Alitia mkono chini ya nailoni, akabonyeza godoro hapa, akabonyeza pale, mpaka chini kabisa. Kisha akanitazama mimi, maji yananitiririka.

"Baba, hili ni kavu. Wewe mbona uko hivi?"

"Mimi nitakauka."

Mama yake alitazama nailoni ya ndagala, akatazama viatu vyangu, hakuuliza shitingi iko wapi. Aliuliza baadaye. Aliuliza kwa wiki nzima.

Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati muda wote ule niliosimama mvuani. Fundi aliifungua, akaimwaga maji kama kikombe, akanirudishia. Mpya, elfu sabini. Jioni binti yangu alinipigia kwenye simu ya mama yake. Nilikuwa tayari nimejifunika mablanketi, kifua kinakoroma kama lori.

"Baba, wamelikubali," akasema. "Sasa hivi nimelala juu yake. Wenzangu wanauliza samaki iko wapi."

Nililala siku nne. Sindano na dawa, elfu kumi na nane. Mke wangu anasema yote haya ni kwa ajili ya mia tano. Nimemwambia mara nyingi haikuwa mia tano, na nitamwambia tena. Yule bwana bado anatoza. Juzi nilipita na mvua, watu wamejipanga barazani kwake wamelipa, wapole kama kondoo, na mimi nikapita katikati ya barabara polepole, nimejifunika shitingi, nikamsalimia kwa sauti kubwa. Hakuitikia. Na kwa wale wanaoulizana sokoni ilinigharimu kiasi gani kumnyima yule mtu mia tano yake, niulizeni mwenyewe, sioni aibu: ukijumlisha na ya godoro, faranga elfu themanini na tisa na mia tano.