Chai ya Mwalimu Wignyo

Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Klaten, kisiwani Java, hakuna anayejua pampu za maji kunishinda mimi Tukijan. Asiyeamini aniletee iliyokufa. Kilichonishinda ni darasa la tano. Mwalimu Wignyo alinikaririsha mara mbili kwa ajili ya vitenzi vya kutendwa tu.

"Mstaarabu hajitangulizi, Tukijan. Usiseme umekisoma kitabu. Kitabu kimesomwa. Kitu mbele, wewe nyuma."

"Nyuma kuna mbwa, Mwalimu!"

Nikachapwa. Na nani? Adabu hainiruhusu kusema.

Siku hizi amestaafu. Mkewe kazikwa, mabinti wameolewa, mmoja kapelekwa Batam, mwingine Makassar, kote ng'ambo ya bahari. Ukimsikiliza, utadhani nyumba ile ilijifagia watu yenyewe, hakuna aliyeondoka kwa miguu yake.

Wiki jana nilimfufulia pampu. Akanikalisha barazani, akaniletea chai katika glasi yenye kifuniko. Kwetu mgeni haigusi mpaka mwenyeji atamke, "Inywewe." Ikishanywewa, mgeni yuko huru kuaga.

Mzee hakutamka. Akasimulia mvua, akasimulia goti lake, akasimulia marehemu mkewe alivyokuwa akikaanga tempe, ile mikate ya soya, mpaka majirani wakainusa kupitia ukuta. Saa nzima! Koo langu likakauka kuliko ile pampu.

"Mwalimu," nikamchokoza, "chai hii ya kunywa au ya kutambikia?"

Akacheka kidogo, kisha akatazama vidole vyake. "Yule mama jirani, Bu Karsi, alikuja Jumatatu. Nikamkaribisha anywe mara moja. Dakika kumi, glasi tupu, kiatu mguuni." Akavikunja vidole. "Ikinywewa, Tukijan, nyumba inaachwa."



Adhana ya magharibi ikaanza. Mzee akajiweka sawa kitini kama mtu anayengoja hukumu. "Haya. Umecheleweshwa vya kutosha. Inywewe."

Nikafunua kifuniko. Sisimizi mmoja alikuwa ameshakaribishwa kabla yangu, tena kafa maji. Nikafunika.

"Bado ya moto, Mwalimu."

"Imepoa tangu alasiri, we mwongo!"

"Ulimi wa fundi ni mwororo, ndiyo maana naongea vizuri. Hebu tusali, halafu unieleze tena vile vitenzi. Sikuvielewa hata kimoja."

"Kwa miaka miwili?"

"Nilikaririshwa, Mwalimu. Sikufundishwa."

Akanitukana vizuri, kwa sauti yake ya zamani ya darasani, akainuka kuwasha taa ya baraza.