Maneno ya Dada Hayakurudi Lizaboni

Namshukuru Mungu kwa miaka niliyofanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu hapa Songea, enzi zile za soko huria. Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia walimu kuchapisha tafiti zao: kutafuta jarida linalofaa, kupanga marejeo, kutuma andiko kwa kompyuta, kisha kuweka nakala maktabani ili yeyote aisome bure, hata mkulima aliyeingia kukwepa mvua.

Mmoja wa walimu hao, kijana kutoka mkoa mwingine, alikuwa akikaa nami benchi moja kanisani. Nilimpenda kama mwanangu. Alipotaka kuandika juu ya uhifadhi wa mbegu, nilimpeleka mtaa wa Lizaboni, hapa hapa Songea, kwa dada yangu mkubwa. Wakati ule ushirika ulikuwa umeacha kuleta dawa za ghalani, na za dukani wengi hawakuzimudu. Dada alihifadhi mahindi na maharage yake kwa majivu na majani, na kila msimu majirani walikwenda kwake kuuliza majani yapi na kwa kipimo kipi.

Kwetu nyumbani, mtu akifundishwa na mzee hurudi kuyasema yale mbele ya mzee huyo. Mzee akiitikia, ndipo anaruhusiwa kuyapeleka kwingine. Dada alimweleza hivyo kabla ya kuanza.

"Nitarudi kukusomea, mama," mwalimu aliahidi. "Na nakala itakaa kwa mzee wangu huyu maktabani, watu wote waisome."

"Basi uwahi. Masikio yangu nayo yanazeeka."

Alimfundisha msimu mzima, jikoni kwake, moshi ukimtoa mwalimu machozi.

"Lia tu, baba," dada alimtania. "Moshi hauogopi shahada."

Andiko lilipokaribia kukamilika, mwalimu alihamia Dar es Salaam. Aliniaga vizuri, akabeba mchele tuliomfungashia. Halafu kimya. Siku moja mwanafunzi aliniomba nimtafutie makala kuhusu mbegu. Nikaiona kwenye kompyuta, jina la mwalimu wetu juu, imechapishwa katika jarida la ng'ambo. Tuliruhusiwa kusoma muhtasari tu. Mengine yalitaka malipo ambayo maktaba yetu haikuyaweza. Ndani ya muhtasari dada yangu alikuwa "wanawake wa eneo hilo".

Nilimwandikia mara kwa mara. Hakujibu. Nilimwombea kila asubuhi, nikidhani labda anaumwa.

Kisha akaja mwenyewe, mgeni rasmi wa semina pale pale maktabani, kutufundisha faida za kuweka tafiti wazi kwa wote. Alizungumza vizuri sana. Watu walipiga makofi, nami nikapiga. Wakati wa chai nilimfuata.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba. Dada bado anakusubiri umsomee."

Akatazama kikombe chake. "Mzee, jarida ndilo lenye haki ya makala sasa."

"Jarida hilo linamruhusu mwandishi kuweka andiko lake la awali maktabani. Nimesoma masharti yao. Nipe hilo tu, nami nitamsomea."

"Nikiliweka bure, mzee, wenzangu watanionaje? Cha bure hakiheshimiwi. Ndiyo makala iliyonipandisha cheo."

Aliitwa kupiga picha. Akaenda.

Nilitembea hadi Lizaboni. Dada alikuwa akichambua maharage, sasa kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Nikamweleza yote, kwa sauti kubwa, maana masikio yalikuwa yameanza kumwacha.

"Kwa hiyo harudi."

"Harudi, dada. Lakini niambie mimi. Nitaandika, nitaweka maktabani mwenyewe."

Aliendelea kuchambua. "Wewe ndiye uliyemleta," akasema. "Ukaniambia ni mtu wa kanisani."

Nikanyoosha mkono kumsaidia kuchambua, akauvuta ungo kwake.

"Mimi nilishasema. Aliyenayo ayalete."

Habari za mbegu hakuzisema tena, si kwangu wala kwa majirani, mpaka tulipomzika. Mwalimu nimemsamehe, nimeliomba hilo kwa miaka, na Mungu amenijalia. Lakini mbegu za nyumbani kwetu zinatobolewa na wadudu kila msimu, na makala ile bado sijaisoma.