Karantini ya Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, zahanati ya Bashay, Mganga Mfawidhi alinipokea kwa swali. "Nesi, ukienda msibani unaanza na nini?"

Nikasema, "Pole."

Akacheka. "Unaanza na mkono. Unawapa watu wote, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Ugonjwa nao unapita humo humo." Nilimwona mzee wa maneno mengi. Miaka ikanionyesha alisema kweli.

Baadaye nilihamishiwa Hanang, kwa wafugaji. Karantini, yaani kumtenga anayeumwa na wazima, sikuwafundisha mimi. Ng'ombe mmoja akikohoa, zizi lake lote halipelekwi kunywa na ng'ombe wa wengine. Nilipokuwa nazungukazunguka na maneno kueleza kifua kikuu, mama mmoja alinikatiza: "Si useme tu atengwe kama ng'ombe?" Haya, nikasema hivyo.

Corona ilinikuta nimerudi Mbulu, nakaribia kustaafu. Mdogo wangu ni mtawa Italia. Alinipigia simu analia: wamefungiwa ndani, na wafu wanazikwa bila ndugu. Mwanangu yuko Nairobi. Kule giza likiingia, ukionekana barabarani polisi wanakutimua na marungu. Kwetu masoko wazi, makanisa wazi, watu wanajifukiza.

"Nesi, tuchukue tahadhari, siyo taharuki," mkuu wangu wa kazi aliniambia.

"Tahadhari ipi, mkuu?"

Akaangalia ndoo ya kunawia mikono. Nilikasirika, sifichi.

Kisha kaka yangu wa Endagikot akafa. Changamoto ya kupumua, ndivyo ilivyosemwa wakati ule. Mkewe alikuwa ameshaanza kukohoa. Mama yetu, mzee sana, anakaa nyumba ya jirani, na waombolezaji walikuwa njiani kutoka kata ya Daudi, kila mtu na mkono wake. Jamani, niliona kabisa kwamba nitamzika na mama.

Nikamwambia mama asimkaribie mkwewe. Akaniwakia. "Mume amekufa, na mke nimtupe? Hayo ni ya Wazungu wa mdogo wako!"

"Mama, bibi alipofiwa na babu alikaa wapi?"

Jibu alilijua: bibi alikaa metimani. Zamani kwetu Wairaqw, mjane alikaa peke yake nyumbani mwake, haombi moto kwa jirani, hachoti maji na wenzake, mpaka atolewe. Kanisa lilisema ni upagani, na mama, mtu wa kanisa hasa, alikuwa wa kwanza kuacha.

"Unataka nirudi kwenye upagani?"

"Nataka uishi, mama. Na yeye aishi."

Akajifunga kitenge kiunoni, akatoka, akasimama mbele ya watu. "Nyumba hii iko metimani. Pole mseme kwa mdomo. Chakula wekeni pale kwenye jiwe."

Wazee hawakuuliza kitu. Vijana ndio walioulizana ni nini hicho. Mkuu wangu alipofika alinivuta pembeni. "Nani ametoa amri ya karantini?"

"Mama yangu."

"Basi mimi sijaona kitu," akasema, akaenda kuweka sukari yake kwenye jiwe.

Kila asubuhi mama alisimama upande huu wa jiwe, akaita: "Umeamka? Umekula?" Siku nyingine wifi alijibu kwa kikohozi tu, na mama hakuondoka mpaka akisikie.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana wananiuliza nchi gani ilifanya vizuri. Nawaambia wengine walifunga, sisi tuliacha wazi, na kote watu walizikwa. Kutenga kunaokoa, hilo sibishani na mtu. Lakini nawauliza na wao: aliyetengwa, nani alikwenda kumwamkia?

Wifi alipopona, mama alitangaza kwamba ametoka metimani. Alikuja taratibu, amekonda, akafika kwenye jiwe akaogopa kulipita.

"Shikamoo mama," akasema kutoka kule.

"Marahaba. Sasa mbona umesimama mbali? Leta mkono."