Dawa Mpya ya Mke wa Wangwe

Wangwe alikuwa na wivu tangu ujana, na hakuona haya kuusema. Alipomwoa Adhiambo, Mjaluo mwenye ndugu Migori ng'ambo ya mpaka, wenzake walimtania kwamba amejitafutia kazi ya ulinzi. Alicheka nao, lakini alilinda. Shida ni kwamba dhahabu nayo ilimwita. Miaka hiyo machimbo ya upande wa Nyamongo yalijaa watu wa kila mkoa, naye akapata kibarua kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Akawa analala hukohuko, nyumbani Nyamisangura anaonekana mwisho wa wiki, nguo nyeupe kwa vumbi.

Adhiambo alikuwa na kisukari cha sindano. Insulini yake, ile inayofanya kazi mwilini muda mrefu, aliletewa na kaka yake Oduol kupitia mpakani Sirari. Alijidunga asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, na Wangwe hakuwahi kujishughulisha. Aliyaona ni mambo ya shemeji. Mpaka Oduol akaja mikono mitupu. Kiwanda kimeacha kuitengeneza, akasema, na maduka yote ya Migori yamempa jibu hilohilo.

Kliniki ya sukari pale mjini ikambadilishia dawa. Method, tabibu kijana kutoka Kagera, alimweleza kwamba hii mpya inadungwa mara moja tu kwa siku, na haifanyi kazi sawasawa na ile ya zamani.

"Tunaanza na kipimo cha chini kuliko ulichozoea," alimwambia. "Kila asubuhi pima sukari kabla hujala, nitakupigia unisomee. Kuongeza na kupunguza tutaamua pamoja. Usiongeze mwenyewe."

Wangwe hakuwepo siku hiyo. Yeye alichokikuta Jumapili asubuhi ni simu ya mkewe ikilia kabla ya chai, na mkewe akitoka nayo nyuma ya nyumba, mtandao unakoshika. Akasogea dirishani. Sauti ya mwanamume ikasikika kwenye spika ya simu: "Umelalaje, Adhiambo?"

Adhiambo! Si Mama Mokami, kama anavyoitwa na watu wenye adabu zao.

"Nimelala vizuri," mkewe akajibu. "Leo ni kumi na moja."

"Haya. Tutaongea kesho."

Wangwe akaondoka dirishani. Mkewe aliporudi alimuuliza huyo ni nani. "Method, daktari wa sukari," Adhiambo akasema, akimmiminia chai. Daktari gani huyo anayeuliza wake za watu wamelalaje? Hilo hakulitamka. Aliaga kwamba anawahi machimboni, kisha akaenda kukaa kwenye duka linalotazama mlango wake. Saa kumi na moja jioni ikafika. Adhiambo alitoka, akaanua nguo, akarudi ndani. Hakuja mtu. Wangwe hakutulia hata kidogo. Aliamua kwamba wamemshtukia.

Kule karashani alimsimulia rafiki yake Nyangwine.

"Mura, mkeo mgonjwa," Nyangwine akasema, akimwita kama vijana wa kwao wanavyoitana. "Watu wa hospitali hupiga simu."

Wangwe aliona Nyangwine hajui kitu. Mawe yakasagika, naye akaendelea kumwaza huyo Method, mikono yake laini isiyojua sururu, na maneno matamu anayomwambia mkewe asubuhi wakati yeye anakohoa vumbi. Aliporudi nyumbani tena aliichukua ile simu kimyakimya, akaiondoa sauti, akaondoka nayo kwenye mfuko wa koti. Kila asubuhi aliliona jina la Method likiwaka kwenye kioo, akaliangalia hadi likazimika. Raha aliyoipata ilikuwa chungu, lakini ilikuwa raha.

Adhiambo alidhani simu imeibwa sokoni. Akasema moyoni atamwona tabibu siku ya kliniki. Lakini sukari iligoma kushuka, na hakuwa na wa kumuuliza, basi akaongeza dawa kwa kukisia. Kisha ikaja siku aliyoshinda akivuna mahindi, akarudi amechoka, akala kidogo tu.

Alfajiri iliyofuata Wangwe, aliyekuwa amerudi usiku, aliamshwa na jasho la mkewe. Shuka lilikuwa limelowa. Alipomwita, Adhiambo alimtazama kama mgeni, akaropoka maneno ya Kijaluo yasiyoungana. Wangwe akalirukia koti lake atoke kutafuta msaada, na humo mfukoni simu ya mkewe ikawa inawaka. Akapokea.

"Hanijui," akasema. "Mke wangu hanijui."

Method hakuuliza anaongea na nani. "Anaweza kumeza?"

"Anaweza."

"Mpe maji yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Kuna kimashine cha kupimia, mtoboe kidole. Kinasema ngapi?"

Wangwe akamtoboa, akasoma. "Mbili nukta nne."

"Imeshuka mno. Mnyweshe."

Alipokuwa akimnywesha ndipo akaelewa ile kumi na moja ilikuwa nini.

Adhiambo alirudiwa na fahamu taratibu. Aliiona simu yake mkononi mwa mumewe, akaichukua.

"Ulikuwa nayo wewe?"

"Nilikuwa nayo."

Hakumfokea. Alikula uji, akavaa, wakaenda kliniki. Method alitoka kuwapokea. Alikuwa mrefu kuliko Wangwe alivyohofia, na mzuri wa sura kwelikweli. Akashusha kipimo cha dawa, akauliza nani atakuwa anampa majibu ya asubuhi.

"Mimi," Wangwe akawahi.

"Nitapokea mwenyewe," Adhiambo akasema, akamgeukia mumewe. "Wewe utakaa karibu usikie. Ukiwa na neno, utaniuliza mimi."

Wangwe akaacha karasha, akapata kazi ya kupakia mizigo hapohapo mjini, malipo madogo. Sukari ya Adhiambo ilikuja ikatulia, na siku moja Method akawaambia hakuna haja tena ya simu za kila asubuhi. Adhiambo alimshukuru kwa maneno mengi. Wangwe naye alimpa mkono, akaubana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na walipofika nje akamuuliza mkewe kama ni lazima amshukuru mtu akitabasamu kiasi kile.