Ukanda wa Kiti cha Labhuben

Mwaka wa 1986 Labhuben alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, fundi wa viti vya magari mjini Malindi. Marehemu mumewe, Manilal, alimwachia cherehani na aina moja ya kiti iliyowapatia jina, naye akaendelea kuitengeneza. Egemeo lake liligeuzwa likaelekea nyuma, watalii wakaketi wakitazamana, kisha likafungwa kwa ukanda wa ngozi.

Asubuhi moja ikaja barua ya wakili. Laban Kamande, mwenye magari ya watalii, mteja wake wa miaka minne, sasa alikuwa na hataza, hati inayompa mvumbuzi haki ya peke yake, iliyotolewa Uingereza na kusajiliwa Nairobi. Alichodai humo ni egemeo linalogeuka "na kufungwa kwa kishikizo". Labhuben aache kutengeneza viti hivyo mara moja.

Aliisukuma barua mbali, kama aliyekuta nywele ndani ya chakula. Mtu huyu amekunywa chai yake, akapima kiti chake kwa futi huku akisema anapima nafasi ya gari!

Akaenda Kakuyuni kwa mkulima Kitsao, ambaye Manilal alimtengenezea kiti kama hicho. Gari lake lilikwisha kuoza zamani, lakini kiti kilikuwako, kuku wanakilalia. Nyuma ya ubao Manilal alikuwa amechoma tarehe kwa chuma cha moto: Machi 1974.

Siku ya kukutana na Kamande ofisini kwa wakili wake, Labhuben na Kitsao walikitua kiti juu ya meza ya wakili, na mavi ya kuku yake. Wakili akatoa leso.

"Mama, hiki si kile," akasema. "Hataza inasema kishikizo, na mchoro unaonyesha pini ya chuma. Huu ni ukanda tu."

"Na viti vyangu vya leo vinafungwa na nini?"

Wakili akamtazama Kamande. Kamande akatazama dirisha.

"Ukanda," akajibu Kitsao.

"Katika barua yako," Labhuben akasema, "ukanda wangu ni kishikizo, ndiyo maana mimi ni mwizi. Hapa mbele ya kiti cha mume wangu, ukanda si kishikizo tena. Bwana wakili, chagua moja. Kama ni kishikizo, basi Manilal aliwatangulia na hataza yenu si ya kitu kipya. Kama si kishikizo, nimeiba nini?"

Wakili akakunja leso polepole. Kamande akasogea, akamshika Labhuben bega, sauti imejaa asali. "Mama yangu, tusifike mbali. Nitakupa kazi ya magari yangu yote. Habari ya kiti hiki iishie humu."

"Toa mkono wako."

Wiki iliyofuata madai yakaondolewa kwa mistari miwili, bila samahani. Hataza ilibaki kwenye daftari la Nairobi. Kuifuta kulitaka kesi, na gharama ya kesi Labhuben hakuiweza.

Akasikia kwamba Simeon, fundi wa Kibarani ya Kilifi, amepata barua kama ile na ameacha viti, anashona magodoro. Akamfuata hadi Kilifi, akamfundisha jibu neno kwa neno.

Simeon hakuinua macho, akaendelea kushona godoro. "Mama, wale wana karatasi."

Labhuben akatoka nje. Yeye ambaye hakuwahi kutema mate mbele za watu, akatema pale barabarani, tena, na tena, kama aliyekuta nywele ndani ya chakula.