Boti ya Mninga ya Veneranda

Mimi si mtu wa kumwaga sifa. Miaka yote nauza dagaa hapa Kibirizi, na mafundi wa maneno nimewaona wa kutosha. Lakini jirani yangu Veneranda, seremala aliyetokea Simbo, huyo nitamsifu hata ukiniziba mdomo.

Alipokubali kumuundia Thobias, mvuvi wa Ilagala, boti ya mbao za mninga, wanaume wa mwaloni, pale boti zinapofikia nchi kavu, walicheka wakashika mbavu.

"Mninga ni wa vitanda na milango!" alisema Mzee Mwinshehe, muunda boti wa siku nyingi. "Halafu mwanamke na boti, wapi na wapi?"

Veneranda akaendelea kupiga randa. Mimi alinieleza: mninga ukikaushwa kivulini, vijiti katikati ya mbao upepo upite, haujikunji wala haupasuki ovyo, na mchwa hawautaki. Vumbi lake linambana kifua, anakohoa mpaka machozi, lakini kuuacha hataki.

Thobias naye alimwambia wazi: ikivuja, anairudisha mchana kweupe, watu wakiona. Sasa hapo nani tena angempa Veneranda kazi ya boti?

Basi ziwa likafungwa, uvuvi ukasimamishwa ili samaki wazaliane. Boti zote, na hiyo mpya ya mninga iliyokwisha kuundwa, zikapandishwa mchangani, jua la kiangazi likazikausha. Lilipofunguliwa, kila mtu akafanya kama kawaida: kuzamisha boti yake ukingoni inywe maji, mbao zivimbe, nyufa zijifunge. Veneranda akagoma.

"Ya kwangu haizamishwi. Isukumeni ilivyo."

Jamani, hakuna aliyetaka kupanda! Hata Thobias alibaki kujikuna kichwa. Veneranda akapanda mwenyewe, na kuogelea hajui yule! Akaketi chini kabisa, kanga ameitandaza juu ya mbao. Thobias akaona aibu, akarukia ndani, akashika kasia. Mimi huku nasali kwa sauti bila kujali nani ananisikia.

Walikwenda mbali, wakazunguka, wakarudi. Kabla Veneranda hajanyanyuka, Mzee Mwinshehe aliingia majini mpaka magotini, akalivuta pindo la ile kanga, akalikamua kwa mikono miwili. Halikutoka hata tone.

Mzee aliliachia lile pindo. Kisha akashika ukingo wa boti, akainua mguu.

"Sogea, mwanangu," akasema, "nipate pa kukaa."